Anatomia mwaka wa kwanza: shika mwili wako kwanza, desa baadae

Naandika kwa ajili ya nyie mnaoripoti vyuo vya afya mwaka huu, uuguzi, utabibu, maabara, famasia, wote tu, maana anatomia, somo la viungo vya mwili na mahali vinapokaa, inawasubiri semista ya kwanza na hamna mtu atakayekwambia ukweli mpaka testi ya kwanza irudishwe. Mimi nimesoma diploma ya utabibu hapahapa Dar, chuo sitakitaja, nimemaliza na sasa hivi nipo kazini kwenye kituo cha afya upande wa Mbagala. Testi yetu ya kwanza darasa zima tulichapika. Mwalimu aligawa karatasi bila kusema neno, akafuta ubao, akaanza mada inayofuata, na ile ilituuma kuliko angetutukana.

Swali lililotumaliza lilikuwa dogo tu: chora figo ya kulia, onyesha imepakana na nini juu, mbele na nyuma. Sasa watu tulikuwa tumepiga msuli wa nguvu, mtu anakutajia sehemu za nefroni, vile vichujio vidogo vya ndani ya figo, kwa mpangilio bila kupumua, ila ukimuuliza figo yenyewe imekaa wapi anakushikia kiuno basi. Kumbe juu yake kuna tezi ya adrenali, mbele kuna ini, kipande cha duodenamu (mwanzo wa utumbo mwembamba) na kona ya utumbo mpana, nyuma kuna kiwambo cha kupumulia, misuli ya mgongo na ubavu wa 12. Na ukishaliweka ini hapo kulia kichwani mwako huhitaji tena kukariri kwamba figo ya kulia iko chini kidogo kuliko ya kushoto, unaona mwenyewe ini limechukua nafasi. Tangu siku ile kila kiungo nikawa nakiuliza kwanza kinakaa wapi na jirani zake ni kina nani, jina na kazi vinafuata. Kila nitakachosema huku chini kinatokea hapo.

Tuanze na hela maana najua mnahesabu. Desa letu, yaani noti za kukopi, lilikuwa la kurasa nyingi sana na stationari za jirani na chuo walikuwa wanatutoza shilingi 100 kwa ukurasa, ukijumlisha na koti jeupe, glovu, daftari kubwa la kuchorea, mwezi wa kwanza hela ya chakula inayeyuka. Ubaya ni kwamba kopi zenyewe nyeusi na nyeupe, zimekopiwa kutoka kopi ya kopi, ateri (mishipa inayotoa damu moyoni), vena (inayoirudisha) na neva (mishipa ya fahamu) zote zinakuwa kijivu kimoja huoni ipi ni ipi. Ushauri wangu, maandishi kopi hivyohivyo, ila zile picha za mishipa ya damu na neva kwenye mkono, mguu, shingo na tumbo toa printi ya rangi, ni kurasa chache hazikuui. Au kaa nazo kwenye simu, mradi ziwe zimeshashushwa kabisa maana bando nalo ni msiba mwingine. Atlasi ya mtumba, kile kitabu cha picha za mwili, ukiipata kwa wauza vitabu wa mjini chukua hata kama ni toleo la zamani, mifupa haijabadilika.

Kitu cha pili kabla hujashika jina lolote ni msimamo. Kila kitu kwenye anatomia kinaelezwa mtu akiwa amesimama wima, anatazama mbele, mikono chini, viganja vimegeukia mbele. Viganja mbele, sikiliza hapo. Kwa hiyo kidole gumba kinakuwa upande wa nje na kidole cha mwisho upande wa ndani, na ile mifupa miwili kati ya kiwiko na kifundo, wa radiasi unakuwa nje, wa alna ndani. Wengi wanasimama kawaida viganja vikiangalia mapaja, wanaanza kubishana na kitabu. Na kulia ni kulia kwa mwenye mwili, sio kulia kwako wewe unayetazama picha. Mambo haya yanafundishwa siku ya kwanza kwa dakika kumi na watu wanayapuuza, halafu mwezi wa tatu bado mtu anaweka ini kushoto.

Sasa mwili wako. Nilikuwa nakaa Kimara, asubuhi napanda mwendokasi kwenda mjini, nimesimama nimebanwa huku na huku, kitabu hakifunguki pale. Nikaanza kujipapasa. Unaanza kwenye kishimo cha chini ya koo, unateremsha kidole juu ya mfupa wa kifua taratibu, baada ya inchi mbili hivi unakuta kituta kinachokatisha, hapo ndipo ubavu wa pili unapojishikiza. Ubavu wa kwanza umejificha chini ya mtulinga huwezi kuuhesabu vizuri, kwa hiyo mbavu zinahesabiwa kuanzia kile kituta. Ukishuka mpaka nafasi ya tano kati ya mbavu upande wa kushoto, kwenye mstari unaotoka katikati ya mtulinga, ndio pale mapigo ya ncha ya moyo yanaposikika kwa mtu mzima. Siku hiyo niko katikati ya kuhesabu mama mmoja aliyekaa akanitazama weee, akaniuliza, "Mwanangu, kifua kinakubana? Kaa hapa." Nikamwambia hapana mama, asante, nahesabu mbavu tu. Hakuamini, aliendelea kuniangalia mpaka anashuka.

Jozi 12 za mbavu, 7 za mwanzo zinashika moja kwa moja kwenye mfupa wa kifua, 5 zinazobaki hazifiki zenyewe, na kati ya hizo jozi 2 za mwisho zinaelea tu hazishiki mbele kabisa. Ukizigusa ubavuni mwako mara moja hutasahau. Inamisha kichwa, papasa nyuma ya shingo, lile nundu linalojitokeza chini kwa kawaida ni pingili ya 7 ya shingo, kuanzia hapo unaweza kuhesabu za kifua 12, na za kiuno 5 ziko chini yake. Kiwiko nacho, upande wa ndani nyuma ya kile kifundo, ukijigonga pale unapigwa shoti mpaka kidole cha mwisho, ile ni neva ya alna inapita juujuu imelala kwenye mfupa. Nani atakusahaulisha neva ya alna inafika kidole gani?

Na mapigo. Tafuta kwenye kifundo cha mkono upande wa gumba, shingoni pembeni ya koromeo, kwenye kinena, nusu ya njia kati ya ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga na pale mifupa ya kinena inapokutana katikati, juu ya unyayo. Usitumie gumba lako kuhesabu maana nalo linapiga, utahesabu yako ukaandika ya mgonjwa. Shingoni usibonyeze pande zote mbili kwa pamoja.

Hosteli tulikuwa na mchezo mmoja, unagusanisha gumba na kidole cha mwisho, unakunja kifundo cha mkono kidogo, katikati inasimama kano kama uzi. Wengine haisimami. Dada mmoja wa chumba cha pili alikosa mkono mmoja akaanza kulia kabisa anadhani ana ugonjwa, kumbe wapo watu kibao wanazaliwa bila ule msuli na hawapungukiwi kitu. Hapo nikajifunza jingine ambalo desa haliandiki kwa herufi kubwa, miili haifanani. Kuna watu figo zao mbili zimeungana kwa chini, kuna wachache sana ambao viungo vyote vimegeuka, moyo kulia ini kushoto, na wanaishi.

Mifupa ya kifundo cha mkono ndo iliyowatesa wengi. Ipo 8, midogo, majina ya ajabu, na zile sentensi za Kiingereza za kukumbukia hazikutuingia. Tukatunga yetu: Salma Leo Tupikie Pilau, Tena Tamu Kama Harusini. Skafoidi, lunati, trikwetramu, pisifomu, hiyo safu ya kwanza ya karibu na mkono, halafu trapeziamu, trapezoidi, kapitati, hamati, safu ya karibu na vidole, zote unaanzia upande wa gumba kwenda kidole cha mwisho. Kapitati kwenye kitabu inaanza na C, usijali. Chukueni, au tungeni yenu, ile mnayoitunga wenyewe usiku mkicheka ndo inakaa.

Ila hata hiyo ya Salma ingenitoka kama nisingekutana na skafoidi kazini. Vijana wa bodaboda wanaanguka wanatanguliza kiganja, anakuja kifundo kimevimba kidogo, anasema dokta nimeteguka tu nipe dawa ya kuchua. Nyosha gumba lako juu kama unaomba lifti, chini yake kwenye kifundo kinatokea kishimo kati ya kano mbili. Skafoidi iko chini ya kishimo hicho. Ukibonyeza pale na mtu akaruka, usimrudishe nyumbani na dawa ya kuchua, hata kama eksirei ya siku ya kwanza haionyeshi ufa. Mfupa ule sehemu kubwa ya damu yake inaingilia upande wa vidoleni, ukivunjika katikati kile kipande cha upande wa kiwiko kinaweza kukosa damu kikafa. Sasa niambie kama utalisahau jina lake tena. Mtulinga nao ni hivyohivyo, unavunjika sana sehemu ya katikati, utamjua anavyoingia mlangoni ameubeba mkono mmoja kwa mkono mwingine.

Nije buchani, maana hii ndiyo iliyonisaidia kuliko tuisheni niliyolipia. (Tuisheni ilikuwa jamaa wa mwaka wa tatu anasoma desa lilelile kwa sauti kubwa. Msilipe.) Moyo kwenye kitabu nilikuwa siuelewi, mishale ya bluu na nyekundu imezunguka kila mahali. Jumamosi nikaenda kwa muuza nyama ya mbuzi, nikamwomba moyo, figo zote mbili, na mapafu yakiwa na koo lake. Akauliza, "Kaka supu hiyo ya watu wangapi?" Nikamweleza ni ya shule, akacheka, tangu siku hiyo ananiita daktari. Vyote havikufika shilingi 10,000. Muhimu, mwambie mapema, jana yake kama inawezekana, asiukate moyo na asinyoe ile mirija ya juu, maana wakaguzi wa nyama huwa wanaupasua kuangalia ugonjwa na wauzaji wanapenda kusafisha mirija yote, unaletewa donge la nyama halina mlango. Nyumbani bi mkubwa alinipa ubao wa zamani na kisu kibovu, akasema ukimaliza usivirudishe jikoni kwangu.

Fanya hivi. Osha mabonge ya damu. Tafuta ncha ya chini, kisha binya pande mbili kwa vidole. Upande mmoja mgumu, umejaa, upande mwingine laini unabonyea. Mgumu ni chemba ya chini kushoto. Pasua zote mbili kutoka juu kwenda chini uweke kuta zake pamoja, ya kushoto unene wake ni kama mara tatu ya ile ya kulia, na sababu unaiona hapohapo, ya kulia inasukuma damu mpaka mapafuni tu hapo jirani, ya kushoto inaipeleka mpaka kwenye kidole cha mguu. Ndani kuna nyuzi nyeupe nyembamba zimetoka ukutani zimeshika vali, yaani mlango wa damu, ukizivuta unaona vali inavyozuiwa isipinduke kurudi juu. Halafu mimina maji kwenye aota, ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni, kutokea juu. Vijifuko vitatu vinajaa, vinagusana, maji yanasimama. Nilikaa pale nikimimina na kumimina, mdogo wangu akaja kuangalia naye akabaki. Juu tu ya vile vijifuko kuna vitundu viwili vidogo, ndo ateri za moyo wenyewe zinapoanzia, na ndo maana maji yanapungua polepole hata vali ikiwa imefunga.

Mapafu usiyapulize kwa mdomo, tafadhali, kuna magonjwa ya wanyama humo, tumia pampu ya baiskeli. Utaona pete za koo hazijazunguka mpaka nyuma, zimeachia nafasi pale umio unapopita. Lakini hapa uwe na kitabu pembeni maana mbuzi ana mrija wa ziada unaochomoka mapema kwenda pafu la kulia, binadamu hana. Kwa binadamu pafu la kulia lina sehemu 3 na la kushoto 2, na mrija mkuu wa kulia ni mpana, mfupi na umesimama zaidi, ndo maana mtoto akipaliwa na karanga au punje ya mahindi mara nyingi inakwenda kulia. Figo ya mbuzi kwa nje ni laini inafanana na yetu, ya ng'ombe imegawanyika vijungu vijungu, usiitumie kujifunzia umbo. Moyo wa ng'ombe una kamfupa ndani karibu na aota, usije ukaandika kwenye mtihani. Utumbo wa ng'ombe achana nao kabisa, tumbo lenye vyumba vinne litakuchanganya. Na fanya asubuhi, joto la Dar na umeme huu, saa nane mchana nyumba nzima watakuwa wanakutafuta.

Chumba cha maiti ya kujifunzia kilikuja baadae, chuo chetu hakikuwa nacho tukapelekwa sehemu nyingine. Sitajifanya mwamba, usiku wake sikulala. Kinachokupiga kwanza ni formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, macho yanachoma, pua inachoma, unatoa machozi na watu wanadhani unalia. Kabla hatujaanza mwalimu alituambia kila mtu aombe kwa imani yake kimyakimya, kisha akasema huyu ndiye mwalimu wenu leo, hakuna simu, hakuna picha, hakuna utani. Kaka mmoja mrefu aliyekuwa anatutambia kwenye gari alidondoka chini dakika za mwanzo. Alikuwa hajala tangu jana. Kwa hiyo kula, kunywa maji, usisimame umekaza magoti, ukiona masikio yanavuma na jasho la baridi linakuja kaa chini palepale hata sakafuni, hakuna atakayekucheka, sisi wote tulikuwa tunatafuta pa kukaa.

Na huko ndo utagundua kwamba hakuna rangi. Ateri sio nyekundu, vena sio bluu, neva sio njano, vyote vina rangi ya udongo na kijivu. Unatofautisha kwa kushika. Ateri ukuta wake mnene, ukiibonyeza inarudi, mdomo wake unabaki wazi. Vena ni nyembamba imelala. Neva haina tundu, ni kamba imejaa, ukiibingirisha kwa vidole unasikia nyuzi. Neva ya siatiki ndo iliyonishangaza, imetoka kwenye nyonga inashuka nyuma ya paja, pana karibu sawa na kidole changu. Mwalimu akachora kwa kidole hewani juu ya tako, akaligawa vipande vinne, akasema sindano yako ikae robo ya juu ya nje, kwingine kote usiguse. Nilikuja kuielewa vizuri mwaka wa pili nilipomwona mtoto anaburuza mguu, unyayo hauinuki, mama yake anasema ilianza baada ya sindano mahali fulani huko walikotoka. Mtoto yule alikuwa wa miaka minne mitano hivi, anakanyaga kwa ncha ya vidole anajikwaa. Sindano ya matako usiizoee kama jambo la mkono tu.

Mtihani wa mwisho kuna ile ya vituo, vitu vimepangwa mezani, mfupa una bendera, kengele inalia unahamia. Pale watu wanapotezwa na kitu kimoja: wanaandika jina bila upande. Ukipewa femuri, mfupa wa paja, kwanza iweke kama ilivyo mwilini, kichwa cha mviringo juu na kimeangalia ndani, vile vifundo viwili vikubwa vya chini viwe vimetokeza nyuma, sasa utajua ni ya kulia au ya kushoto. Zoezini kwa kushika mfupa mmefumba macho, sisi tulikuwa tunafungana leso, na tulioganda kwenye lile zoezi ndio tuliovuka. Walioendelea kusoma orodha peke yao vitandani wengine walisapu, yaani walirudia mtihani, na sapu inalipiwa, mzazi unampigia simu unasema nini.

Mkienda wodini sasa, filamu ya kifua ya eksirei inatazamwa kama mgonjwa amesimama mbele yako anakuangalia. Kushoto kwake ni kulia kwako. Kwa hiyo kivuli cha moyo kitaelekea mkono wako wa kulia, na ukikiona kimeelekea kushoto usikimbilie kusema umepata yule mtu mmoja aliyegeuka viungo, angalia kwanza herufi ya pembeni, mara nyingi ni filamu tu imebandikwa kinyume.